Kuchagua pa kuishi Jamhuri ya Dominika: ulizia umeme kwanza, bahari baadaye

Nyumba yangu ya kwanza huku niliichagua kwa picha, nikiwa bado Tabata. Roshani, minazi miwili, bahari kwa mbali. Nikalipa miezi mitatu. Nilifika Bávaro, mji wa mahoteli upande wa mashariki, mwezi wa Mei, nikafungua mlango wa roshani, nikapokewa na harufu ya mayai viza. Ilikuwa mwani. Siyo ule wa kamba na vigingi wanaolima akina mama wa Paje. Huu wanauita sargazo, unaelea wenyewe kutoka Atlantiki, na tangu 2011 umekuwa ukimwagika kwenye fukwe za mashariki kwa miezi kadhaa ya mwaka. Ukirundikana unaoza, na hewa yake inakula hata vyuma vya ndani.

Jioni nikachomeka pasi niliyotoka nayo nyumbani. Umeme wa huku ni volti 110, wetu ni 230. Pasi ikapata joto la chapati ya jana.

Tangu siku hiyo nimehama mara nne, na nimezunguka na Waswahili wenzangu kadhaa wakitafuta nyumba. Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa. (Nchi ninayoizungumzia ni ile inayogawana kisiwa na Haiti, siyo kisiwa kidogo cha Dominica. Watu huchanganya mpaka kwenye tiketi.)

Hatua ya kwanza: karatasi zako na sura yako

Mwenye pasi ya kusafiria ya Tanzania au Kenya anahitaji visa, isipokuwa awe na visa hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen. Huyo huingia kama mtalii. Visa ya ukaazi inaombwa ubalozini kabla hujasafiri. Ukifika unaendelea na taratibu Santo Domingo, mji mkuu, na mwisho wake unapewa cédula, kitambulisho ambacho ukikikosa hata benki wanakutazama mara mbili. Sheria namba 171-07 ya mwaka 2007 imewafungulia njia nyepesi wastaafu wenye pensheni isiyopungua dola 1,500 kwa mwezi, na wenye kipato cha kudumu cha dola 2,000. Kama safari za ofisini bado zinakusubiri, usianze maisha ufukweni mbali. Kila muhuri utakula siku nzima barabarani.

Sasa sura. Hili wahamiaji Wazungu hawakuambii kwa sababu haliwagusi. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kwamba itarudisha hadi watu 10,000 kwa wiki, wengi wao Wahaiti, na anayesakwa hutambuliwa kwanza kwa macho. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani uliwatahadharisha raia wake, hasa weusi, kwamba wanaweza kusimamishwa. Mimi nimesimamishwa mara tatu. Mara ya pili nilikuwa nimetoka kununua mkate, kandambili miguuni, pasi iko kabatini. Nilikaa ndani ya gari la doria saa mbili na ushee, pamoja na kina mama wawili wa Kihaiti na mtoto, mpaka mwenye nyumba wangu alipokuja na pasi yangu mkononi. Mimi nikashuka. Wao hawakushuka.

Kwa hiyo: tembea na pasi yenyewe au cédula, siyo picha ya simu. Kaskazini-magharibi karibu na mpaka wa Haiti, Dajabón na Monte Cristi, uende kutembea tu; barabara ya kutoka huko hadi Santiago ina vizuizi vya ukaguzi, na basi husimama kila mara. Pembezoni mwa Bávaro, Verón na Friusa, wanakoishi vibarua wengi wa ujenzi, kodi ni nafuu lakini misako ni mingi. Na jifunze Kihispania cha kujieleza kabla ya kile cha kuagiza chakula.

Hatua ya pili: chagua ukanda

Usianze na nyumba. Anza na ukanda, na ukanda uupime kwa kazi yako.

Santo Domingo ni jiji hasa: foleni, joto, hospitali kubwa, na metro iliyoanza 2009. Naco na Piantini ni maghorofa yenye walinzi na jenereta. Kodi hunukuliwa kwa dola bila aibu. Mimi napenda Gazcue, mtaa wa zamani wenye miti mikubwa, ambapo unaweza kwenda kwa miguu hadi mji mkongwe au ukatokea baharini. Nyumba zake zimechoka, mabomba yamechoka zaidi, lakini mtaa una watu. Jioni wazee wanatoa viti nje.

Pwani ya kaskazini, Sosúa na Cabarete, wageni wamezoeleka. Sosúa ya kisasa ilianza 1940 na wakimbizi wa Kiyahudi waliotoka Ulaya wakaanzisha ufugaji na maziwa. Ufukwe wake unatenganisha sehemu mbili: El Batey, upande wa wageni, mabaa na biashara ya usiku, na Los Charamicos, upande wa wenyeji. Mwenye familia asikae katikati ya El Batey. Cabarete ni ya watu wa upepo, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara kubwa. Mchana upepo unapuliza kweli, na mwenye mzio wa vumbi atajua.

Samaná, rasi ya kaskazini-mashariki, nina upendeleo nayo, nakiri. Mwaka 1824 na 1825, kisiwa kizima kikiwa chini ya Haiti, waliletwa huko Wamarekani weusi walio huru, na vizazi vyao bado wapo, na majina yao ya Kiingereza na makanisa yao. Wanapika samaki kwa tui la nazi, na wali wa guandules, ambazo ukizitazama kwenye sufuria utacheka: ni mbaazi. Mbaazi za nazi, kilomita maelfu kutoka Tanga. Las Terrenas, upande wa pili wa rasi, imejaa Wafaransa na Waitaliano, na bei zake zimewafuata wao. Tangu barabara mpya ifunguliwe 2008 ni kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Santo Domingo, ila ushuru wa barabara unauma.

Punta Cana na Bávaro: nenda kama hoteli ndiyo ajira yako. Bila gari umefungwa.

Milimani kuna Jarabacoa, na juu zaidi Constanza, karibu mita 1,200, wanakolima vitunguu saumu na stroberi. Aliyekulia Lushoto atajisikia nyumbani, na atahitaji blanketi.

Hatua ya tatu: panga mwezi mmoja, kisha soma matangazo kwa kalamu

Chukua chumba cha mwezi mmoja kwenye ukanda uliouchagua. Usitume amana kwa nyumba ambayo hujaikanyaga. Mimi nilishalipa ada ya somo hilo. Mwezi huo panda guagua, ambazo ni daladala zao, na motoconcho, ambazo ni bodaboda zenyewe kabisa, na uangalie mabango ya "se alquila", yaani inapangishwa, kwenye kuta. Nyumba nzuri nyingi haziingii mtandaoni. Zinabaki kwa watu wa mtaani.

Kwenye matangazo kuna maneno yanayokula hela. "Amueblado" ni nyumba yenye samani. "Línea blanca" maana yake utakuta friji, jiko na mashine ya kufulia tu. Kitanda ni chako. "Planta full" ni jenereta inayobeba nyumba yote, lakini "planta para áreas comunes" inawasha ngazi na geti peke yake, wewe ndani uko gizani. "Mantenimiento" ni ada ya kila mwezi juu ya kodi, na dalali ataitaja mwishoni, akiwa ameshashika kalamu.

Hatua ya nne: zima umeme wa nyumba

Hapa ndipo wengi huona haya. Usione.

Umeme wa huku hukatika, na neno lake, apagón, ni miongoni mwa ya kwanza utakayoyashika. Kila mtaa una ratiba yake. Kuna mitaa iliyo kwenye laini inayoitwa ya saa 24, na mtaa wa pili yake ukakosa umeme saa sita kwa siku. Bávaro na Las Terrenas zinahudumiwa na kampuni binafsi, umeme unatulia zaidi, bili ndiyo haitulii. Kwingine nyumba nyingi zina inversor: kisanduku ukutani na betri nne chini ya ngazi, zinazochajiwa umeme ukiwepo.

Dalali atakuonyesha kisanduku na kusema "tiene inversor". Mwombe ashushe swichi kuu. Nyumba moja ya Gazcue nilifanya hivyo saa nne asubuhi, feni na friji vikiwaka, tukakaa sebuleni na doña, yaani bibi mwenye nyumba, tukinywa kahawa. Dakika ya kumi na moja kisanduku kikaanza kulia pii, pii. Doña akaangalia kikombe chake. Betri zilikuwa zimekufa, na mpya ni gharama ambayo mpangaji ndiye angeshtukia ameibeba. Tukapatana: anunue betri, ndipo nisaini. Nikaishi pale miaka miwili.

Ukifanya kazi ya mtandaoni na Afrika Mashariki hili ni zito zaidi, maana tumepishana saa saba. Dar wakiingia ofisini saa mbili asubuhi, kwako ni saa saba usiku. Unahitaji umeme na kimya saa ambazo mtaa hauna vyote viwili.

Kisha maji. Ya bomba huja kwa siku zake, yanaingia kwenye cisterna, tangi la ardhini, halafu pampu inayapandisha kwenye tinaco, simtanki la juu ya paa. Fungua mfuniko wa cisterna, mulika na tochi. Ukiona ufa au viluwiluwi vya mbu, ondoka, homa ya dengue ipo. Uliza ni wapangaji wangapi wanatumia tangi hilo. Maji ya kunywa huletwa kwa chupa kubwa za galoni tano, kwa hiyo ukipanga ghorofa ya nne bila lifti, fikiria mgongo wako.

Kelele nayo ina saa yake. Rudi Jumamosi saa nne usiku, peke yako, bila dalali. Kama duka la kona limetoa viti vya plastiki, meza ya domino na spika za kufika kiunoni, hiyo ndiyo bachata, muziki wa huku, utakayolala nayo. Chumba cha kulala kiwe upande wa uani.

Hatua ya tano: soma kuta

Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Georges ilipiga mashariki na kusini Septemba 1998, na Fiona ikaingia mashariki Septemba 2022. Kaskazini wanajisifu kwamba milima inawakinga na vingi, lakini wao wana tetemeko: Agosti 1946 ardhi ilitikisika na bahari ikapanda nchi kavu karibu na Nagua, na Septemba 2003 Puerto Plata ilipoteza majengo. Kwa hiyo hakuna ukanda wa kukimbilia, kuna nyumba ya kuchagua. Zege na paa la zege, siyo mabati. Madirisha yenye shata. Nyumba ya ghorofa iliyosimama juu ya nguzo za maegesho bila kuta, mimi siingii.

Mafuriko ndiyo yanakuja mara nyingi. Novemba 2022 na Novemba 2023 mvua ya siku moja ilizamisha mitaa ya Santo Domingo, hata ile ya matajiri. Tazama chini ya kuta za majirani kama kuna mstari wa tope, na uliza iliko cañada, korongo la maji ya mvua. Dalali atasema iko mbali. Muuza duka atakuonyesha kwa kidole.

Hatua ya sita: mkataba

Kawaida ni amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja, na mgeni huombwa mdhamini. Ukikosa, patana na mwenye nyumba mapema, na iandikwe. Andikeni pia sarafu ya kodi. Peso ikiwa ndiyo mshahara wako, usikubali dola. Dai bili ya mwisho ya umeme iliyolipwa, maana deni huwa linakaa na mita. Piga picha betri, pampu na mita siku ya funguo.

Siku hiyohiyo nenda colmado, lile duka la kona ulilolipeleleza Jumamosi. Ni duka la Mangi kwa kila kitu: anakukatia nusu kitunguu, anakukopesha, anakuletea maji kwa pikipiki. Mwambie jina lako na nyumba unayokaa. Nenda tena kesho yake, hata kama huna haja ya chumvi.

Mara yangu ya tatu kusimamishwa ilikuwa Gazcue, hatua ishirini kutoka colmado. Nilikuwa bado natafuta pasi kwenye begi. Muuzaji akatoka na kisu cha kukatia jibini mkononi, akamwambia askari: "Ese vive aquí," huyu anakaa hapa, na akaniuliza mbele yao kama mayai yangu niliyoagiza nitayachukua sasa au baadaye.