Kabla hujalipa ada ya cheti cha tovuti

Nafundisha utengenezaji wa tovuti ngazi ya cheti hapa Chake Chake, na vijana wanaokuja kuniuliza wajiunge na kozi ipi nawajibu hivi: muombe mwalimu akuoneshe kurasa za wanafunzi waliomaliza, zilizo hewani, uzifungue kwa simu yako mwenyewe. Asipokuwa na hata moja, katafute pengine. Tena uliza kila mwanafunzi anapata kompyuta yake au mnakaa watatu watatu. Fani hii huipati kwa kutizama vidole vya mwenzako.

Yanayosomwa ni matatu kwanza. HTML hubeba maneno na picha, CSS hupamba, JavaScript hukifanya kitufe kiitikie. Usikubali kurukishwa HTML kwa kuwa ni nyepesi. Nakala ya ukurasa wa kwanza wa Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alioutoa mwaka 1991, inafunguka mpaka leo kwenye info.cern.ch, na imejengwa kwa HTML tupu.

Bando si kisingizio. Fungua Notepad, programu ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, andika, hifadhi kwa jina index.html, kisha bonyeza faili mara mbili. Itafunguka bila intaneti. Andika kwa mkono wako, usinakili, hata ikikuchukua usiku mzima. Na msimu wa karafuu ukifika, ikiwa nyumbani wanakuhitaji shambani, mwambie mwalimu mapema, uondoke na mafaili yako kwenye flashi.

Sasa kazi ya kumalizia, ambayo kwangu ndiyo cheti chenyewe. Usitengeneze duka la uongo. Mtafute mtu wa kweli: mwenye gesti, fundi cherehani, mama anayepika halua Wete. Kaa naye, muulize wateja humpigia kuuliza nini. Mara nyingi ni bei, mahali, na kama anapeleka mzigo Unguja. Basi hayo yawe juu kabisa, si historia ya biashara.

Picha ya simu huweza kufika megabaiti 4. Ipunguze upana hadi pikseli 1200, ishuke chini ya kilobaiti 200, maana mteja wake huenda yuko Konde na mtandao unasuasua. Majina ya mafaili yawe herufi ndogo, bila nafasi. Faili likiitwa Halua.JPG nawe ukaandika halua.jpg, kwenye Windows picha itaonekana. Ukipandisha kwenye seva ya Linux, yaani kompyuta inayoweka tovuti hewani, itapotea, na nimeona wanafunzi wazuri wakilia kwa hilo siku ya kuwasilisha. Weka lang="sw" kwenye tagi ya html mwanzoni, ili programu inayomsomea asiyeona itamke Kiswahili. Weka mstari wa viewport, unaoiambia simu iupange ukurasa kwa upana wa kioo chake, la sivyo maandishi kwenye simu yatakuwa madogo kama chawa. Kiungo cha WhatsApp kinaanza wa.me/255, kisha namba bila sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha.

Ukimaliza, mpe mwenye biashara simu atafute bei bila ya wewe kusema neno. Akikwama, rekebisha pale alipokwama.

Akitaka jina la tovuti linaloishia .co.tz, lisajiliwe kwa jina lake na barua pepe yake, si yako. Nywila zote mwandikie kwenye karatasi, umkabidhi siku hiyo hiyo anayokulipa.