Maziwa ya lozi ya kujitengenezea nyumbani

Kama maziwa ya ng'ombe yanakujaza gesi tumboni au umeamua tu kuachana nayo, haya ya lozi unayatengeneza mwenyewe na wala sio kazi ngumu. Chukua kikombe 1 cha lozi mbichi, zile hazijakaangwa wala kutiwa chumvi, zioshe halafu ziloweke kwenye maji mengi usiku kucha, masaa 8 mpaka 12. Hapo usikimbilie jamani, lozi isiyolowana inasagika chenga chenga na maziwa yanatoka mepesi kama maji ya kuoshea mchele.

Asubuhi utakuta zimevimba. Ibane moja kati ya kidole gumba na cha shahada, ganda linateleza lenyewe na lozi inachomoka nyeupe pe. Kumenya sio lazima, mimi namenya kwa sababu ule uchungu uchungu wa ganda siupendi. Maji uliyolowekea mwaga.

Tia kwenye blenda na maji safi, vikombe 3 ukitaka mazito, 4 ukitaka mepesi, na kama unapenda utamu weka tende 2 zilizotolewa kokwa na chumvi kidogo sana, saga kama dakika 2 hivi. Sasa chuja kwa kitambaa safi chepesi na hapa ndo pa kutumia nguvu, kamua, sokota kitambaa, kamua tena mpaka machicha yabaki makavu mkononi maana yale matone ya mwisho ndo mazito yenyewe. Machicha usitupe, yanaingia vizuri kwenye uji au keki.

Weka kwenye chupa yenye mfuniko, friji, siku 3 au 4 basi. Yatajitenga, maji chini mafuta juu, hayajaharibika hayo, tikisa tu. Kwenye kahawa huwa yanakatika, kwa hiyo yapashe kwanza kidogo halafu mimina kahawa polepole.

Ila tuambiane ukweli, haya hayashiki nafasi yote ya maziwa ya ng'ombe. Ya dukani mengi yana kama gramu 1 ya protini kwa kikombe wakati ya ng'ombe yana 8, na haya ya nyumbani hayajaongezwa kalsiamu, kwa hiyo hivyo vitafute kwenye chakula kingine. Mtoto chini ya mwaka 1 usimpe badala ya maziwa ya mama au ya kopo ya watoto wachanga, tafadhali sana. Na mgeni kabla hujammiminia muulize kama ana aleji ya lozi au kokwa nyingine za miti kama korosho.