Snapshoti si bakapu: nilivyopanga mashine za steshenari yetu zijihifadhi zenyewe

Asubuhi moja ya Aprili diski ya mashine kubwa ya steshenari yetu, hapa Morogoro, ilianza kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Kufika mchana ilikuwa haisomi tena. Snapshoti za siku kumi na nne zilikuwa humo humo, zikaenda nayo. Ilikuwemo pia tasnifu ya dada mmoja aliyebakiza siku mbili kuikabidhi. Alikaa kwenye benchi letu na flashi yake mkononi, hasemi kitu. Tangu siku ile sikumwachia tena mtu yeyote kazi ya kukumbuka kuhifadhi, hata mimi mwenyewe.

Snapshoti ni hali ya mafaili kama yalivyokuwa dakika fulani, na inakaa kwenye diski ileile. Kwenye Btrfs, aina ya mfumo wa mafaili wa Linux, inapigwa mara moja na mwanzoni karibu haili nafasi, kwa sababu hainakili kitu: inashikilia tu vipande vya zamani visifutwe unapoandika vipya. Ndiyo maana ukifuta video ya GB 10, nafasi hairudi mpaka snapshoti iliyoishika nayo iondolewe. Inakuokoa ukifuta faili kwa bahati mbaya au sasisho likiharibu mfumo. Mwizi akibeba kompyuta, ameibeba na snapshoti zake.

Kwenye laptopu ya Linux Mint kazi ni ndogo. Fungua Timeshift, programu ya kupiga snapshoti, chagua ratiba ya kila siku, bakiza tano, basi. Ila ujue kwamba isipoelekezwa vingine, Timeshift inaacha folda yako ya nyumbani nje. Inalinda mfumo; barua na picha zako hailindi. Hizo zinahitaji bakapu ya kweli, kwenye diski nyingine.

Seva yetu inatumia Debian, aina nyingine ya Linux. Ina kazi za wateja kwenye /srv/kazi, na hesabu za duka ziko MariaDB, programu ya databesi. Nilinunua diski mbili za nje, zote nikazipa lebo moja, akiba, kisha nikaongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia mashine diski ipi ipandishwe wapi:

LABEL=akiba /mnt/akiba ext4 nofail 0 2

Weka nenosiri refu ndani ya /root/.siri, lifunge kwa chmod 600, kisha andaa ghala la restic, programu ya bakapu, kwenye kila diski:

apt install restic
mkdir -p /mnt/akiba /srv/dampo
mount /mnt/akiba
restic -r /mnt/akiba/ghala -p /root/.siri init

Nenosiri hilo liandike pia kwenye karatasi na umkabidhi mtu unayemwamini. Restic inafunga data kwa msimbo; likipotea, hakuna fundi wa kukufungulia.

Skripti yenyewe, /usr/local/bin/hifadhi.sh (ipe chmod 700):

#!/bin/bash
set -e
export RESTIC_REPOSITORY=/mnt/akiba/ghala
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/.siri
mountpoint -q /mnt/akiba
mariadb-dump --single-transaction --all-databases > /srv/dampo/hesabu.sql
restic backup /srv/kazi /srv/dampo
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6 --prune

Mstari wa mountpoint usiuondoe. Diski isipochomekwa, /mnt/akiba ni folda tupu tu kwenye diski kuu. Zamani nikitumia rsync, programu ya kunakili mafaili, nakala zilimwagika humo mpaka diski kuu ikajaa na mashine ikagoma kuwaka vizuri. Dampo la hesabu, yaani databesi nzima iliyotolewa kwenye faili moja, nalo lina sababu yake: ukinakili mafaili ya databesi huku yanaandikwa, unaweza kupata nusu ya zamani na nusu mpya.

Sasa muda. Miongozo mingi inasema saa nane usiku. Kwetu saa hizo swichi kuu imezimwa, kwa hiyo nimeweka saa saba na robo mchana, watu wakiwa wameenda kula. Ratiba inaendeshwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Kwenye /etc/systemd/system/hifadhi.service:

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/local/bin/hifadhi.sh

Na kwenye hifadhi.timer, pembeni yake:

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 13:15
Persistent=true
[Install]
WantedBy=timers.target

Persistent ndiyo dawa ya umeme kukatika: mashine ikiwa imezimwa saa hiyo, kazi itafanyika itakapowashwa. Maliza kwa systemctl daemon-reload, kisha systemctl enable --now hifadhi.timer.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi narudisha folda moja na kuifungua kwa macho yangu:

restic -r /mnt/akiba/ghala -p /root/.siri restore latest --target /tmp/jaribio --include /srv/kazi/tasnifu

Ijumaa iliyopita nilifungua tasnifu ya kurasa 112, nikaipitia mpaka jedwali la mwisho. Vyote vilikuwepo. Nikatoa diski hiyo kwa umount, nikachomeka mwenzake na kuipandisha kwa mount, kisha ile ya kwanza nikaifunga kwenye kitenge na kwenda nayo nyumbani.