Namna ya Kuamua Tone la Maji Lisambae Wapi Juu ya Kioo

Kwenye vihamba vya Moshi, magimbi yanapoota kando ya mfereji, tone la mvua huviringika juu ya jani bila kuliloanisha, kwa sababu uso wa jani hilo una vinundu vyenye nta vinavyonasa hewa chini ya maji. Uso wa aina hiyo unaweza kutengenezwa katika maabara ya shule kwa mshumaa wa kawaida.

Osha kioo cha hadubini kwa sabuni, kisuuze kwa spiriti, na uiondoe chupa ya spiriti mezani kabla ya kuwasha moto. Kioo kikikauka, kishike kwa koleo na ukipitishe katikati ya mwali huku ukikisogeza, kwani kikitulia mahali pamoja hupasuka. Acha kinapokuwa cheusi kote. Chembe za masizi, zenye upana wa nanomita 30 hadi 40 hivi, huwa zimeshikana na kuacha matundu yaliyojaa hewa.

Kwa bomba la sindano ya insulini, dondosha uniti 1, yaani mikrolita 10, kutoka karibu sana na kioo, kisha upige picha kwa simu ukiwa usawa wa tone. Gawanya kimo cha tone kwa nusu ya upana wa kitako chake, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, uizidishe kwa 2. Hiyo ndiyo pembe ya mguso, yaani pembe kati ya kioo na ukingo wa tone, ikipimwa upande wa ndani ya maji. Ikizidi digrii 150, masizi yamekubali.

Sasa futa mstari mwembamba kwa kijiti cha pamba, ukiinamishe kioo kidogo. Tone litateremka mpaka likute mstari, kisha litanasa, kwa kuwa kioo kitupu huvutia maji. Kadiri sehemu iliyofutwa inavyokuwa pana, ndivyo inavyoweza kuzuia tone kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wanafunzi wapewe muda mrefu kuliko kwenye kupima pembe.

Tone likianguka kutoka juu sana, maji husukuma hewa nje na kuingia matunduni, likatoka katika hali iliyoelezwa na wanasayansi Cassie na Baxter mwaka 1944, ambapo tone hukaa juu ya hewa, na kuwa katika ile ya mwanasayansi Wenzel ya mwaka 1936, ambapo hung'ang'ania. Spiriti hupenya moja kwa moja, kwa kuwa mvutano wa uso wake haufiki theluthi moja ya ule wa maji. Masizi yenyewe hutoka hata kwa kuguswa na kidole. Anayetaka uso wa kudumu huyafunika kwa silika, kiambato kikuu cha mchanga, na kuyachoma kwenye tanuri la nyuzi 600, kisha hupaka kemikali ya kufukuza maji, kazi ambayo ni ya maabara ya chuo.