Kukagua kanuni ya hewa: moshi umepungua au umehamishwa tu?

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya 1970 ilitilia mkazo hewa ya karibu na ardhi. Mitambo mingi ya umeme ikarefusha mabomba ya moshi: majirani wakapata nafuu, salfa dioksaidi ikaenda kuangukia watu wa mbali kama mvua ya asidi. Marekebisho ya 1977 yalibana mwanya huo.

Anza na bomba: tafuta urefu unaokubalika. Chukua kimo cha jengo la karibu, ongeza mara 1.5 ya kimo au upana wake, kilicho kidogo. Jengo la mita 40 lenye upana wa mita 30 linatoa 40 + 45, yaani mita 85. Urefu unaozidi hapo kiwanda kisipewe sifa yoyote kwa ajili yake.

Oksijeni ndiyo ya kukaziwa macho. Kikomo cha miligramu kwa mita ya ujazo hushawishi kiwanda kuzimua moshi kwa hewa ya kawaida. Kwa boila ya makaa ya mawe (oksijeni ya rejea, yaani ya kulinganishia, ni 6%), zidisha kipimo cha moshi mkavu kwa 15 (yaani 21 toa 6), kisha gawanya kwa tofauti ya 21 na asilimia ya oksijeni iliyopimwa. Miligramu 400 kwenye oksijeni 11% ni sawa na 600 kwenye rejea ya 6%; hiyo 600 ndiyo ya kulinganisha na kikomo.

Kisha dai uzito wa uchafu kwa saa. Mita za ujazo 50 kwa sekunde mara miligramu 400 ni gramu 20 kwa sekunde, kilo 72 kwa saa. Hapa tumia 400, si 600. Ukichanganya kipimo kilichorekebishwa na mtiririko usiorekebishwa, unakituhumu kiwanda bure.