SOMO: Kutunza paswedi na funguo za LUKS kwenye diski za seva, usije ukashindwa kuifungua mwenyewe

Wakuu, somo hili ni la wenye seva za Linux ambazo diski zake zimefungwa kwa LUKS, yaani mfumo wa Linux wa kusimba diski nzima ili isisomeke bila paswedi. Kufunga diski ni dakika chache tu, kasheshe iko kwenye kutunza funguo miaka inayofuata, seva imehama, watu wamebadilika, paswedi iko kichwani kwa mtu mmoja na simu yake haipatikani.

Kabla hujagusa kibodi elewa kitu kimoja, hapa ndo wengi wanachanganya. Paswedi unayoandika SIYO inayofunga data. Data inafungwa na ufunguo mkuu ambao mashine iliutengeneza yenyewe siku ya luksFormat (amri ya kuifunga diski mara ya kwanza), na huo unakaa mwanzoni mwa diski kwenye sehemu inaitwa heda, ukiwa umefichwa ndani ya sloti (vijisanduku vya funguo). Paswedi kazi yake ni kufungua sloti. LUKS1 ina sloti 8, LUKS2 zinafika 32, na zote zimebeba ufunguo mkuu uleule. Ndo maana kubadilisha paswedi ya diski ya tera 10 ni sekunde chache, na ndo maana pia heda ikiharibika hata uwe na paswedi sahihi data imeenda.

HATUA 1: Angalia ulichonacho

lsblk -f
cryptsetup luksDump /dev/sdb1

Utaona toleo la LUKS na sloti zipi zina kitu (sdb1 ni mfano, weka jina la diski yako). Ukikuta sloti usiyoijua ni ya nani, iandike pembeni, usiifute kwanza.

HATUA 2: Ongeza paswedi ya pili kabla ya kufuta chochote

cryptsetup luksAddKey /dev/sdb1

Itakuomba paswedi iliyopo alafu mpya. Mpya iwe ndefu, maneno sita saba yasiyohusiana, ni bora kuliko herufi nane zenye alama za ajabu ambazo utaziandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye monita. Hii ya pili iwe ya dharura, ikae kwenye hifadhi ya paswedi ya timu au kwenye bahasha iliyofungwa, mbali na seva. Alafu ijaribu:

cryptsetup open --test-passphrase -v /dev/sdb1

Hii haifungui diski, inakwambia tu kama paswedi imekubali na ni ya sloti ipi. Usiiruke hatua hii.

HATUA 3: Faili la ufunguo kwa diski za data (zijifungue seva ikiwaka, bila mtu kuandika paswedi)

dd if=/dev/urandom of=/root/data.key bs=64 count=1
chmod 400 /root/data.key
cryptsetup luksAddKey /dev/sdb1 /root/data.key

Kwenye /etc/crypttab (orodha ya diski za kufunguliwa seva ikiwaka) weka UUID, yaani namba ya kipekee ya diski uliyoiona kwenye lsblk -f, sio sdb1, maana majina ya diski yanahama ukichomeka nyingine:

data UUID=... /root/data.key luks,nofail

Ila jamani, kama diski ya mfumo yenyewe haijafungwa, faili hilo liko wazi kwa yeyote atakayeichomoa seva nzima, hapo umefunga mlango na ufunguo umeuacha kwenye kitasa.

HATUA 4: Bakapu ya heda

cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file heda-sdb1.img

Kwa LUKS2 ni kama MB 16 tu, haina kisingizio. Usiiache kwenye diski hiyohiyo. Na ilinde, kwa sababu heda ya zamani inakubali paswedi za zamani hata kama kwenye diski ulishazifuta. Kila ukibadilisha sloti chukua bakapu mpya na ile ya zamani iteketeze.

HATUA 5: Sasa futa za zamani

cryptsetup luksKillSlot /dev/sdb1 0

Angalia namba ya sloti mara mbili, ukiua ya mwisho hamna kurudi.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu nimesahau paswedi lakini seva bado inawaka na diski iko wazi. Nifanyeje?
Jibu: USIZIME wala kuriseti. Kwanza kopi data yote nje. Kama una faili la ufunguo kwenye crypttab umepona, tumia cryptsetup luksAddKey --key-file /root/data.key /dev/sdb1 uweke paswedi mpya. Kama hamna faili na ni LUKS2 usitegemee kuuchomoa ufunguo mkuu kwa dmsetup (amri ya kuangalia diski zilizo wazi), kawaida uko ndani ya kerneli (kiini cha Linux) na hauonyeshwi, kwaiyo kopi data, tengeneza diski upya.

Mdau: Admini wetu kaondoka, nikiua sloti yake inatosha?
Jibu: Kama hakuwahi kuchukua bakapu ya heda, ndio. Kama huna uhakika (na mtu mwenye root, yaani mamlaka yote ya seva, huwezi kuwa na uhakika) badilisha ufunguo mkuu wenyewe kwa cryptsetup reencrypt. LUKS2 inaweza kufanya hivyo diski ikiwa inatumika, ila inaandika upya diski nzima, itachukua muda, kwaiyo bakapu ya data kwanza. Ikiisha, heda za zamani zitupe, ukizirudisha kwa bahati mbaya utapata takataka badala ya data.

Mdau: Niliandika paswedi kwenye faili kwa echo, nikiandika kwa mkono inakubali, nikitumia faili inakataa???
Jibu: echo inaongeza mstari mpya mwishoni na cryptsetup inauhesabu kama sehemu ya ufunguo. Tumia printf '%s' au echo -n.

Mdau: Diski niliitengeneza kwenye mashine yenye RAM kubwa, nimeihamishia kwenye VPS (seva ya kukodi) ndogo inagoma, paswedi ni ileile.
Jibu: LUKS2 inatumia Argon2, njia ya kugeuza paswedi kuwa ufunguo, ambayo inakula RAM kwa makusudi, inaweza kudai hadi GB 1 kufungua sloti. Irudishe kwenye mashine kubwa uendeshe cryptsetup luksConvertKey --pbkdf-memory 131072 /dev/sdb1, hiyo ni MB 128, alafu jaribu tena kule.

Mdau: Na seva iliyo mbali ikijiwasha yenyewe usiku nani anaandika paswedi?
Jibu: Weka dropbear (seva ndogo ya SSH) kwenye initramfs (mfumo mdogo unaowaka kabla diski haijafunguliwa) uingie kwa SSH uandike, au funga sloti kwenye TPM2 (chipu ya kutunza funguo iliyo kwenye bodi) kwa systemd-cryptenroll ijifungue yenyewe. Mimi napendelea dropbear, maana TPM inamfungulia hata aliyebeba seva nzima. Ukichagua TPM paswedi ya dharura ibaki palepale, bodi ikifa na chipu imekufa nayo.