Kurekebisha Ulainishaji wa Herufi ili Maandishi Yasomeke Vizuri kwenye Monita

Kabla hujagusa mpangilio wowote wa herufi, hakikisha kwamba kompyuta inatuma picha yenye idadi ileile ya pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, iliyomo kwenye monita. Monita ya pikseli 1920 kwa 1080 ikipewa picha ya 1366 kwa 768 hulazimika kuitandaza, na herufi hupata ukungu ambao hakuna ulainishaji, yaani kulainisha kingo za herufi, unaoweza kuuondoa. Katika Windows, fungua mipangilio ya skrini, uchague rezolusheni (idadi ya pikseli za picha) inayopendekezwa. Maandishi yakiwa madogo mno, ongeza ukuzaji hadi asilimia 125 au 150. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hushusha rezolusheni ili herufi ziwe kubwa, kisha hushinda wakikaza macho mbele ya maandishi yaliyofifia. Kama bado unatumia VGA, waya wa zamani wa kuunganisha monita, bonyeza pia kitufe cha monita cha kuipanga picha yenyewe, au utumie waya mpya zaidi wa HDMI ikiwa upo.

Ulainishaji wa kawaida hutia kijivu kwenye kingo za herufi, ili mistari ya mshazari, kama ile ya herufi k na v, isionekane kama ngazi. ClearType, mbinu ya ulainishaji ya Windows ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 1998, huenda mbali zaidi. Kila pikseli ya monita ya LCD ya kawaida ina vipande vitatu vilivyosimama wima, chekundu, cha kijani na cha buluu, na ClearType hukidhibiti kila kipande peke yake, hivyo ukingo wa herufi huweza kuangukia ndani ya pikseli moja. Ukiitazama herufi l nyeusi kwenye karatasi nyeupe ya skrini kwa lenzi ya kukuzia, utaona wekundu upande wa kushoto na ubuluu upande wa kulia; kwa umbali wa kawaida rangi hizo huyeyuka, na kinachobaki ni mstari uliokolea.

Ili kuirekebisha, andika cttune kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ufungue programu hiyo, uhakikishe kisanduku cha ClearType kina tiki, kisha uchague sampuli inayosomeka vizuri katika kila ukurasa. Keti pale unapoketi ukifanya kazi, na usome sentensi nzima badala ya kuchunguza herufi mojamoja, kwa maana sampuli nyeusi kuliko zote huvutia mwanzoni lakini huchosha katika ukurasa mrefu. Mwenye monita mbili azirekebishe zote, kila moja kwa nafasi yake.

Rangi zikiendelea kuonekana kwenye kingo, angalia kama monita imegeuzwa wima, kwani vipande vyake huwa vimelala, au kama ni ya OLED, aina ya skrini tofauti na LCD, ambayo mara nyingi hupanga vipande kwa namna nyingine. Hapo ni afadhali kuondoa tiki ya ClearType na kulinganisha. Watumiaji wa Mac hawana uchaguzi huu, kwa kuwa Apple iliacha ulainishaji wa rangi katika Mojave, toleo la mwaka 2018 la macOS, mfumo wa kompyuta za Mac. Kwao, monita yenye pikseli nyingi zaidi ndiyo inayoleta tofauti kubwa.